Modeli ya chipu na kipimo havikubaliani: dalili, sababu na pa kuanzia

Kuna wiki moja niliipoteza nikiwa nimeinama juu ya ATmega328P, ile chipu ya miguu 28 inayokaa kwenye bodi nyingi za Arduino Uno. Nilikuwa nimetengeneza modeli yake katika SPICE (programu ya kuiga saketi kwenye kompyuta) ili nijue kelele ya sumakuumeme inayotoka kwenye miguu yake ya umeme itafika kiwango gani kabla bodi ya mteja haijapelekwa maabara. Simulesheni ikasema lake, kipimo nacho lake: kipimo kilikuwa chini kwa desibeli kama 10, karibu masafa yote. Nikaanza kuichezea modeli. Nikapunguza mkondo wa ndani, nikaupanua, nikaongeza ukinzani hapa na pale, mpaka mistari ikalaliana. Nikafurahi siku mbili. Siku ya tatu nikachomoa waya wa USB uliokuwa bado umechomekwa kwenye kompyuta, kipimo kikapanda. Kumbe modeli ya mwanzo ndiyo iliyokuwa karibu na ukweli. Ile niliyoitolea jasho ilikuwa modeli ya waya wa USB.

Tangu hapo, nikiona tofauti sigusi modeli kwanza. Nauliza tofauti hiyo inatoka wapi: kwenye chanzo, kwenye njia, au kwenye kipimo chenyewe. Modeli za namna hii zimewekewa viwango na IEC, tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, katika mfululizo wa 62433, kwa jina la ICEM (modeli ya kelele inayotoka kwenye chipu), na ndani yake kuna vitu viwili vikubwa. IA ndiyo shughuli ya ndani, yaani vyanzo vya mkondo vinavyoiga jinsi transista zinavyomeza umeme kila saa ya chipu (mpigo wa ndani unaoongoza kazi yake) inapopiga. PDN ndiyo njia: kapasita iliyomo kwenye silikoni, nyuzi nyembamba zinazoiunganisha na miguu, na miguu yenyewe. Mkondo wa IA unapita kwenye PDN, unatoka nje, unakutana na kifaa cha kupimia. Kifaa hicho nacho ni saketi na lazima kiwemo kwenye simulesheni. Sehemu ya 62433-2 inahusu kelele inayosafiri kwenye nyaya, 62433-3 inahusu ile inayoruka hewani. Namna za kupima zimo kwenye mfululizo mwingine, IEC 61967, ambao kwa kawaida unaanzia kHz 150 hadi GHz 1.

Kabla ya dalili yoyote: chukua multimita

Ukiichora IA kama pembetatu za mkondo, eneo la pembetatu zote za mpigo mmoja, ukilizidisha kwa masafa ya saa, lazima likupe mkondo wa wastani uleule unaosomwa na multimita kwenye waya wa V 5. Tuseme inasoma mA 9, chipu ikienda kwa MHz 16. Gawanya: kila mpigo unabeba chaji ya nC 0.56. Ukiweka pembetatu mbili kwa mpigo, moja saa inapopanda na nyingine inaposhuka, kila moja inabeba nC 0.28. Kitako cha ns 4 kinakupa kilele cha mA 140. Modeli yenye kitako hichohicho na kilele cha mA 400 imebuni umeme ambao hauingii kwenye chipu, hata kama grafu yake inapendeza.

Hapo kuna kikomo ambacho watu wengi hawakitumii. Mkondo usiokwenda chini ya sifuri hauwezi kuwa na haimoniki (mstari kwenye fungu la masafa ya saa) yenye kilele kinachozidi mara mbili ya wastani wake. Kwa mA 9, basi, hakuna mstari hata mmoja wa IA unaoweza kupita mA 18. Hii ni hesabu ya Fourier tu. Ukiona modeli inadai zaidi ya hapo ndani ya chanzo, usihangaike na mengine. Lakini kumbuka: huo ni mkondo ndani ya chipu. Nje, resonansi ya PDN (kuitikia kwake kwa nguvu masafa fulani) inaweza kuukuza.

Kabla ya kugawanya, toa mkondo usiopiga na saa. LED ya bodi inakula mA kadhaa mchana kutwa na haitoi kelele yoyote. Nimewahi kuona mtu akiingiza mkondo wa LED kwenye IA na kushangaa kwa nini modeli yake inapiga makelele kuliko chipu.

Dalili: tofauti ni ileile kuanzia mwanzo hadi mwisho

Hii ndiyo dalili rahisi, maana tofauti isiyobadilika na masafa karibu kila mara ni kosa la kipimo au la vizio. Namba yenyewe inakutajia mkosaji.

Desibeli 3: upande mmoja unasoma kilele cha wimbi, mwingine RMS (thamani yake ya ufanisi). Risiva za EMC (vipokezi vya kupimia kelele ya sumakuumeme) huonyesha RMS ya wimbi la sine. Usibishane na kitabu cha programu yako, ipime: weka chanzo cha sine chenye kilele cha V 1, piga FFT (hesabu inayogawa wimbi kuwa masafa yake). Ikionyesha dBµV 117 (desibeli juu ya µV 1) inasoma RMS, ikionyesha 120 inasoma kilele.

Desibeli 6: umetumia probu ya ohm 1 ya IEC 61967-4 na umesahau kwamba ndani yake kuna rezista ya ohm 49 inayokutana na ohm 50 za risiva. Volti inagawanyika nusu. Mkondo wa mA 1 unaacha mV 1 juu ya rezista ya ohm 1, lakini risiva inaona µV 500, yaani dBµV 54 na si 60.

Desibeli 15 na ushei: hapo ni mtandao wa ohm 150 wa kiwango hichohicho. Una rezista ya ohm 120, kapasita ya nF 6.8, kisha ohm 51 kwenda chini. Ohm 51 sambamba na 50 za risiva ni kama 25, na 25 juu ya 145 ni kushuka kwa dB 15.2. Dawa si kujumlisha 15.2 kwenye jedwali. Chora mtandao wenyewe kwenye simulesheni pamoja na ohm 50 za risiva, maana masafa ya chini ile nF 6.8 nayo ina la kusema.

Ukiona 60, umechanganya mV na µV. Ukiona 107, mmoja wenu anasoma dBm (desibeli juu ya mW 1) na mwingine dBµV. Hizo ni za kucheka na kuendelea.

Namba isiyo na jina, kama ile 10 yangu, ni hadithi nyingine: mkondo umepata njia ya pembeni. Kipimo cha ohm 1 kinafanya kazi kwa sharti moja tu, kwamba mkondo wote unaorudi kutoka kwenye chipu upite kwenye rezista hiyo. ATmega328P ya DIP (umbo la safu mbili za miguu) ina miguu miwili ya GND, wa 8 na wa 22. Ukiunganisha wa 8 kwenye probu na kuuacha wa 22 ukagusa shaba ya bodi, sehemu kubwa ya mkondo itatokea mlango wa nyuma. Iunganishe yote miwili kwanza, ndipo uipeleke kwenye ohm 1. Waya wa programa, waya wa USB, ganda la osiloskopu, chaja ya kompyuta, vyote vinaweza kuwa mlango wa nyuma. Lisha bodi kwa betri, ng'oa kila kisichohitajika, pima tena. Kisha chomeka kimoja kimoja.

Dalili: chini panakubaliana, juu panaachana

Anza na simulesheni yenyewe kabla ya fizikia. LTspice, aina mojawapo ya SPICE, hubana data ya mawimbi ili faili isiwe kubwa, na kubana huko kunazaa kelele ya uongo kwenye FFT. Kuzuia ni mstari mmoja, na mstari wa pili unapanga muda:

.options plotwinsize=0 numdgt=15
.tran 0 15u 5u 20p

Hapa µs 5 za kwanza zinatupwa ili mtikisiko wa kuwashwa upite, kisha zinabaki µs 10, ambazo ni mipigo 160 kamili ya MHz 16. Ukamilifu huo ndio wenye kazi. Ukikata katikati ya mpigo, kila mstari unamwagikia majirani zake na mabonde kati ya mistari yanajaa matope. Hatua ya ps 20 inaonekana kama ubadhirifu wa muda wa kompyuta, lakini kwa kingo za ns 1 na kikomo cha GHz 1 usiende juu ya ps 50.

Simulesheni ikiwa safi na bado juu panaanguka, angalia umbo la pembetatu. Pembetatu yenye pande sawa na kitako cha ns 4 ina shimo kamili kwenye MHz 500. Spektra yake inagusa sifuri pale. Chipu halisi haina shimo hilo, kwa sababu mkondo wake unapanda haraka na kushuka polepole huku malango ya mantiki yakifuatana. Weka mpando wa ns 0.5 hadi 1 na mshuko mrefu uliopinda. Chaji ibaki ileile. Shimo litazibika na masafa ya juu yatainuka bila kuvuruga ya chini.

Kisha kapasita za bodi. Kapasita ya nF 100 iliyochorwa kama nF 100 tupu ni ndoto. Ongeza nH 1 ya miguu na njia zake, na kuanzia MHz 16 hivi inageuka kuwa indakta. Kwenye MHz 160 tayari ina ohm 1. Jambo ambalo limenichanganya zaidi ya mara moja ni kwamba kosa hili linaonekana kinyume kulingana na unachopima. Ukipima volti kwenye mguu wa VCC kwa mtandao wa ohm 150, modeli isiyo na nH hiyo inasema kelele ni ndogo kuliko ilivyo, kwa kuwa kapasita yake ni kamilifu mno. Ukipima mkondo kwa ohm 1, modeli hiyohiyo inasema kelele ni kubwa kuliko ilivyo, kwa kuwa hakuna indakta ya kuuzuia mkondo kutoka nje. Ukiona vipimo viwili vinaivuta modeli pande mbili tofauti, usiiguse IA. Ni njia.

Dalili: kilele kimoja kimepaa kama mnazi, au kimehama

Hapa ndipo nitakaa, maana hapa ndipo modeli nyingi zinapofia.

Chukua namba za mfano: kapasita ya ndani ya silikoni nF 1, nyuzi na miguu ya VCC na GND kwa pamoja nH 10. Zenyewe zinaita, yaani zina resonansi, kwenye MHz 50. Ongeza nH 2 za njia ya shaba na kapasita ya bodi, zinashuka hadi MHz 46. Sasa kumbuka saa yetu: haimoniki ya tatu ya MHz 16 iko MHz 48, katikati ya hizo namba mbili. Kosa la nH 2, ambalo ni milimita mbili au tatu tu za waya mwembamba, linauhamisha mstari wa MHz 48 kutoka bega moja la kilele hadi jingine, na desibeli kadhaa zinazaliwa au kufa bila IA kuguswa. Soketi ya DIP peke yake inatosha kuleta hilo. Kama ulipima chipu ikiwa imelehemiwa kwenye bodi kisha ukaihamishia kwenye soketi ili ubadilishe chipu kirahisi, umebadilisha saketi.

Urefu wa kilele nao unategemea ukinzani. Kwa nH 12 na nF 1, mzizi wa L juu ya C ni ohm 3.5. Ukinzani wa jumla ukiwa ohm 0.35, kilele ni mara kumi, dB 20. Ukisahau kuweka ukinzani, LTspice hukuwekea kimyakimya miliohm 1 kwenye kila indakta. Hata jumla ikiwa miliohm 3, kilele chako kinakuwa zaidi ya mara elfu moja, na mtikisiko unahitaji µs 8 ili upungue hadi theluthi hivi. Zile µs 5 ulizozitupa mwanzoni hazitoshi. Kwa hiyo ukiona kilele kinachotoboa dari, na ukiongeza muda wa simulesheni kinaendelea kukua, ujue umesahau rezista.

Namna ya kupata thamani halisi ni kupima PDN ya chipu peke yake kwa kichanganuzi cha mtandao, kati ya VCC na GND. NanoVNA ya bei ndogo inatosha kuanzia. Grafu itaonyesha impidensi (ukinzani kwa kila masafa) ikishuka (hapo unasoma kapasita), ikifika bonde (hapo unasoma ukinzani), kisha ikipanda (hapo unasoma indakta). Mambo mawili yanaharibu kipimo hiki. La kwanza, chipu isiyo na umeme si chipu ileile iliyo na umeme: kapasita ya makutano ya silikoni inabadilika na volti. Ipe V 5 kupitia indakta kubwa, na weka kapasita ya kuzuia mkondo mnyoofu kati ya chipu na mlango wa kifaa. Ukiunganisha V 5 moja kwa moja na mlango wa NanoVNA utanunua nyingine. La pili, nguvu ya kupimia ikiwa kubwa, diodi za ulinzi zinaanza kufunguka na unapima diodi badala ya kapasita. Kwa dBm 0, chipu inaweza kuona karibu V 0.6 kwenye kilele, na diodi ya silikoni inafungukia hapohapo. Shuka hadi dBm −10 au chini zaidi. Kipimo kikibadilika umbo unaposhuka, ulikuwa juu mno.

Kapasita za kauri za bodi nazo hupoteza sehemu ya uwezo wake zikiwa na volti, hasa zile ndogo za µF 10. Za nF 100 kwa V 5 hazinisumbui sana.

Dalili: mistari ya shufwa imezama, au imetokea mistari isiyo na kwao

Mara nyingi mtu huanza na wimbi la mraba la saa na kuliita IA. Wimbi la mraba lililo nusu kwa nusu lina haimoniki za witiri tu: MHz 16, 48, 80. Kipimo kinaonyesha 32, 64 na 96 zimesimama wima. Hakuna muujiza. Chipu haimezi umeme saa ikiwa juu. Inameza saa inapobadilika, inapopanda na inaposhuka. Mipigo miwili ingekuwa sawasawa kabisa, ungeona shufwa tu, yaani 32 na mafungu yake. Kwa kuwa mmoja ni mkubwa kuliko mwenzake, unaona zote, na uwiano wa witiri kwa shufwa masafa ya chini unakupa uwiano wa mipigo hiyo miwili. Hapo ndipo ninaporuhusu mtu airekebishe IA kwa kufuata kipimo, kwa kuwa anajua anarekebisha nini.

Mistari kwenye MHz 8, 24 na 40 ni programu inayoendeshwa. Kitanzi kitupu cha while(1) kinakuwa amri moja ya kuruka, rjmp, na rjmp kwenye AVR (familia ya chipu hii) inachukua mipigo miwili. Mkondo wa mpigo wa kwanza haufanani na wa pili, hivyo mzunguko mzima unajirudia kwa MHz 8. Ukigeuza mguu wa bandari kwa sbi (amri ya kuandika biti moja) na rjmp, unapata MHz 2 na msururu wake. Na mchoro mtupu wa Arduino si mtupu: taima 0 inakatiza kazi kila µs 1024 ili kuhesabu milisekunde. Kwa hiyo andika kwenye ripoti chipu ilikuwa ikifanya nini wakati wa kupima. Modeli ya IA bila programu yake ni kama kupima mwendo wa gari bila kusema liko gia gani.

Mstari ukiwa mpana badala ya mwembamba, shuku saa inayotetemeka. Simulesheni ina saa kamilifu. Ya kwako haina. Na mistari ikiwa imesogea, na inasogea zaidi kadiri haimoniki inavyopanda, basi saa si MHz 16 kamili. Bodi nyingi za Uno huipa chipu hii resoneta ya kauri, si kioo cha kwatsi, na resoneta hizo hukubaliwa kukosea kwa asilimia 0.5. Kwenye haimoniki ya sita hiyo ni kHz 480. Risiva yenye upana wa kHz 120, iliyokaa juu ya MHz 96.000 ikingoja, itasoma bonde na kukwambia chipu iko kimya. Tafuta mstari halisi kwanza, kisha rekebisha masafa ya modeli, na kumbuka kurekebisha muda wa FFT ili mipigo ibaki kamili.

Dalili: modeli inatoa matokeo mazuri mpaka miguu ya kutoa inapoanza kufanya kazi

Kama miguu ya kutoa umeiiga kwa faili la IBIS (maelezo ya tabia ya umeme ya miguu ya chipu), angalia toleo. Kabla ya IBIS 5.0, faili halikuwa na njia ya kueleza vizuri mkondo unaovutwa kwenye waya wa umeme wakati mguu unabadilika hali, kwa hiyo mawimbi ya kutoa yanaweza kuwa sahihi huku mtikisiko wa VCC ukiwa mdogo kuliko ukweli. Angalia pia umechagua safu ipi: ya kawaida au ya haraka. Kwa kelele, ya haraka ndiyo yenye habari mbaya. Hesabu ya mkono inasaidia hapa: mA 20 zikibadilika ndani ya ns 1 kupitia nH 5 zinazaa mV 100. Miguu minane ikigeuka pamoja kupitia GND moja, zidisha. Modeli ikikupa mV 5, kuna kitu hakijaunganishwa.

Dalili: kwenye nyaya sawa, kwenye seli ya TEM si sawa

Seli ya TEM ya IEC 61967-2, kisanduku cha chuma cha kupimia kelele inayoruka hewani, inaikaribisha chipu peke yake ndani, ikiwa upande mmoja wa bodi, na kila kitu kingine kinabaki nje upande wa pili. Modeli ya nyaya haijui chochote kuhusu umbo la chipu, na humo ndani umbo ndilo linaloongea: vitanzi vya mkondo kutoka mguu hadi silikoni na kurudi.

Izungushe bodi. Ikiwa nyuzi 0 na 180 zinasoma sawa huku 90 ikishuka sana, unaona sumaku, na modeli inahitaji kitanzi chenye eneo na mwelekeo. Ikiwa mzunguko haubadilishi kitu, unaona umeme wa volti, na inahitaji kapasita ndogo kati ya chipu na bamba la juu. Ikiwa 0 na 180 zinatofautiana, viwili vipo pamoja: upande mmoja vinajumlishana, upande wa pili vinapunguzana, kwa kuwa mchango wa sumaku unageuza alama ukizungusha nusu duara na wa volti haugeuzi. Aliyepima mwelekeo mmoja tu hana cha kulinganisha na modeli.

Eneo la kitanzi lisome kwenye mpangilio wa miguu. VCC na GND za ATmega328P, miguu ya 7 na 8, ziko ubavu kwa ubavu katikati ya safu, mahali ambapo njia ya kwenda kwenye silikoni ni fupi kuliko zote. Chipu za zamani za mantiki za miguu 14, zenye umeme kwenye kona mbili zinazokabiliana, zina kitanzi kikubwa zaidi kwa mwili mdogo. Mtu aliyechukua eneo la kitanzi kutoka moja akalitia kwenye nyingine atakosea vibaya. Na angalia kwamba mwisho wa pili wa seli umefungwa kwa ohm 50. Nimeukuta wazi, na aliyeufungua nilikuwa mimi.

Dalili: mstari hauondoki chochote ufanyacho

Zima umeme wa chipu. Mstari ukibaki, si wa chipu. Bila chumba chenye ukuta wa chuma, kati ya MHz 88 na 108 unapima stesheni za FM za mji mzima, MHz 470 hadi 694 ni televisheni, na MHz 925 hadi 960 ni minara ya simu. Hifadhi grafu ya chipu ikiwa imezimwa na uiweke nyuma ya kila grafu nyingine.

Kinyume chake pia kinatokea: mstari upo, lakini umezama chini ya stesheni. Hapo natumia redio ndogo ya betri. Haimoniki ya sita iko kwenye MHz 96 hivi, na kama hakuna stesheni hapo, redio inachemka shhh. Isogeze karibu na chipu. Inapofika sentimita chache, kule kuchemka kunakatika ghafla na redio inanyamaza, kwa sababu imekamata wimbi tupu lisilobeba sauti. Ukitaka kuusikia ukimya huo ukiwa mbali zaidi, washa CKOUT (fyuzi ya mpangilio wa chipu) ili saa itoke kwenye mguu wa 14 na ulehemu waya wa sentimita 10 hapo. Kisha toa waya, zima CKOUT, isogeze tena redio mpaka inyamaze, na pima umbali kwa rula kabla na baada ya kubadilisha kapasita.